Malalamiko ya Mtu Aliyeponywa Baada ya Kuaga

Werugha, Taita

Kwa Bi. Syokau Ndambuki,
Msimamizi wa Wauguzi wa Nyumbani,
Voi.

Bibi mheshimiwa,

MINTARAFU: KUPONYWA KWANGU, AMBAKO SIKUKUTARAJIA

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya mito miwili, mgongo wima, magoti chini ya kiuno, kama nilivyoamriwa na mfanyakazi wako. Mwandiko wangu ukionekana umesimama sana, ujue nami nimelazimishwa kukaa hivyo.

Mimi ni Zephaniah Mwazighe, mwalimu mkuu mstaafu. Nina umri ambao wenzangu wengi niliosoma nao wamekwisha kuondoka, na moyo wangu nao huruka pigo moja kila unapojisikia. Sina muda mwingi. Kwa sababu hiyo nimeamua kulalamika sasa, kwa adabu, kabla malalamiko hayajaachiwa warithi.

Wakati wa mvua nilishuka kwenye matuta ya kabichi kumfukuza ng'ombe wetu aliyekata kamba. Ukungu ulikuwa mzito na ukingo wa tuta ulikuwa mtelezi. Ng'ombe alijua njia, mimi sikuijua. Nilivunjika nyonga ya kulia. Nikateremshwa hadi hospitali kule chini, na daktari mmoja kijana, mwenye mikono safi na sauti ya upole, akanieleza kwamba wataondoa kiungo changu na kuweka kingine cha chuma. Halafu akasema, "Kwa umri wako, Mzee, na kwa huo moyo, lolote linaweza kutokea."

Bibi Msimamizi, mimi nimefundisha maisha yangu yote. Najua mtu mwenye heshima anaposema "lolote" ana maana ya jambo gani.

Katika ukoo wetu, mzee anayejua anaondoka huwaita watu wake mmoja mmoja na kumwambia kila mtu ukweli wake. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu. Si matusi. Ni kufagia nyumba kabla ya kurudisha ufunguo. Basi jioni ile wodini niliwaita watu wangu, nikafagia. Kesho yake nikaingia thieta nikiwa mwepesi kama karatasi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Sikufa.

Nasema jambo hili bila chuki kwa mtu yeyote. Lakini baba yangu alisema ukweli wake Jumanne, na Alhamisi alikuwa hayupo. Waliobaki walilia, wakasamehe, wakala ubwabwa, na maneno yake yakawa hekima ya ukoo hadi leo. Maneno hayohayo yakisemwa na mtu ambaye wiki inayofuata anaomba chumvi mezani, si hekima tena. Ni ufidhuli. Hakuna aliyenionya juu ya hatari hii. Daktari alinitajia kuganda kwa damu, homa ya mapafu, na kiungo kuchomoka. Kurudi nyumbani nikiwa hai hakukutaja.

2. Mmenitumia Sista Kavinya.

Binti yangu Daisy, afanyaye kazi Mombasa, ndiye aliyewaomba muuguzi wa kukaa nasi huku mlimani hadi nipone, na ninyi mkamleta huyu. Alishuka kwenye gari akiwa na begi moja, fremu ya kutembelea, na kiti cha plastiki cha kuinulia choo, ambacho alikibeba kichwani mbele ya majirani wote. Nilikuwa nimelala kitandani nikiyasubiri mauti kwa utulivu. Akafunua blanketi, akatazama kidonda, akasema, "Mwalimu, kifo kimekataa kazi. Amka."

Tangu siku hiyo sina uhuru. Nisikunje mguu juu ya mwingine. Nisiiname kuokota kitu. Nilale na mto katikati ya mapaja kama mtoto aliyezoea doli. Kigoda changu cha kuota moto jikoni amekiweka juu ya kabati kwa sababu ni kifupi, na nikikitazama tu huniuliza, "Unataka chuma kichomoke?" Kila jioni hunidunga sindano ya tumbo ya kuzuia damu isigande, huku akinisimulia bei ya mbuzi kule kwao Makindu ili nisione sindano. Naiona. Kisha hunivalisha soksi ndefu za kubana, na kwa kuwa soksi hizo ni ngumu, huweka goti lake juu ya godoro na kuvuta kama mtu anayefunga gunia.

Nilimwambia kwamba mimi ni mzee na ningependa kuheshimiwa. Akajibu, "Nakuheshimu sana, Mwalimu. Ndiyo maana nakwambia inuka mara ya kwanza kwa upole."

3. Mahali ninapopelekwa kutembea.

Hapa naomba usome polepole. Wewe uko Voi, ambako ardhi imelala. Huku kwetu ardhi imesimama. Kutoka mlangoni kwangu ukienda kulia unapanda, ukienda kushoto unaporomoka, na mgonjwa wa nyonga haruhusiwi kufanya lolote kati ya hayo hadi misuli ipate nguvu. Sista Kavinya alizunguka kijiji kizima akitafuta mahali tambarare, na akarudi na furaha kwamba amepata pawili. Pa kwanza ni ua wa ndugu yangu Festus, ambao uko sambamba na wetu. Pa pili ni sakafu ya kanisa, ambako hunipeleka kwa gari la jirani.

Bibi Msimamizi, Festus na kasisi wetu ni miongoni mwa watu nilioagana nao.

Festus ni mdogo wangu. Tumecheza drafti kwa vifuniko vya soda tangu tulipoacha kuchunga mbuzi. Wodini nilimshika mkono, nikamwambia: "Ndugu yangu, miaka hii yote nimekuwa nikikuacha unishinde, kwa sababu ukishindwa hununa hadi mavuno." Nilidhani nampa zawadi. Sasa nikifika uani kwake nikiburuta fremu, namkuta amekwisha kupanga vifuniko. Hanisalimu. Husema, "Kaa. Cheza kwa nguvu zako zote." Nami hucheza kwa nguvu zangu zote, na jambo la kuudhi ni kwamba ananishinda. Ananishinda kila siku. Juzi alinitazama kwa huruma, akaniuliza, "Kaka, una uhakika ulikuwa unaniachia?"

Sista Kavinya anasema mchezo huo ni mzuri kwa sababu unanifanya nikae wima.

Kanisani ndiko kubaya zaidi. Nilimwambia Kasisi Vincent kwamba mahubiri yake ni kama barabara ya kwenda Kasigau: marefu, yana mashimo, na mtu akifika mwisho hajui kama amefika. Alinishukuru, akaniombea, akafuta machozi. Jumapili niliyorudi, kwa kuwa viti vya kanisa ni vifupi na nimekatazwa viti vifupi, waliniletea kiti kirefu cha askofu na kukiweka mbele, pembeni ya madhabahu, nikiwakabili waumini wote. Kasisi akapanda mimbari, akanitazama, akasema, "Leo tutakwenda polepole, kwa sababu tuna abiria anayeogopa mashimo." Kanisa lilicheka hadi watoto wakaamka. Kisha akahubiri hadi mguu wangu wa chuma ukalala usingizi, jambo ambalo daktari alinihakikishia haliwezekani.

4. Mke wangu, Elsie.

Nimeliweka hili katikati nikitumaini utalipita haraka.

Wodini nilimwita mwisho. Nilikuwa nimemwandalia maneno mazuri. Niliyatunga tangu mchana, kwa Kiswahili safi: jinsi alivyokubali kuolewa na mwalimu mwenye suruali mbili, jinsi alivyolima matuta haya mimi nikisahihisha madaftari, na mengineyo. Akaingia na chupa ya uji, leso imelowa ukungu wa kwetu, ananuka moshi wa jiko letu. Vitanda vya jirani vilikuwa vinatazama. Mimi, Bibi Msimamizi, sijawahi kulia mbele ya watu, na nilijua kwamba nikianza lile neno la kwanza nitalia kama ndama. Nikatafuta neno lingine lolote, gumu, ambalo lingeweza kupita kooni. Nikasema:

"Mama Daisy, tangu tuoane sijaipenda sauti yako ya kuimba."

Akauliza, "Hata kidogo?"

Nikasema, "Hata kidogo."

Akaninywesha uji hadi ukaisha. Akanifunika. Akasema, "Haya, lala."

Elsie huimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa. Lakini hayo ni ya Jumapili tu. Nyumbani huimba akikamua, akichambua mboga, akiponda muhogo na maharagwe ya kimanga. Akipandisha tuta huimba kwa pumzi fupi, akishuka huimba kwa pumzi ndefu, na kwa hiyo mtu aliye ndani ya nyumba hujua alipo bila kuchungulia. Tangu nirudi, nyumba imenyamaza. Hajanifokea wala hajaninyima kitu. Husema "Uji." Husema "Dawa." Husema "Mguu," na mimi hunyanyua mguu. Sista Kavinya, ambaye hana haya, alimuuliza mbele yangu, "Mama, mbona mnaishi kama watu wanaosubiri gari la mwisho?" Elsie akajibu, "Baba Daisy amezoea utulivu."

Niliyosema hayakuwa kweli. Ndilo ungamo langu, na naliandika hapa kwa sababu ni lazima liandikwe mahali, na wewe hunijui. Nilisema kweli kwa kila mtu jioni ile isipokuwa kwa yule niliyemwita mwisho. Nimejaribu kumwambia. Huanza, "Mama Daisy, yale maneno ya hospitali..." Naye hunikata: "Ulisema unakufa, Baba Daisy. Mtu anayekufa hasemi uongo. Kunywa dawa." Kanuni hiyo niliwafundisha mwenyewe.

5. Ugomvi wa mate.

Kwa muda kidonda changu kilikataa kukauka. Kilitoa majimaji, na Sista Kavinya alikibadilisha bandeji asubuhi na jioni akiwa amekunja uso. Festus akaja na vifuniko vyake, akatazama, akatikisa kichwa. "Kaka, hapa pana hasira ya mtu."

Wewe ni Mkamba, Bibi, na huenda hujui. Wazee wetu wa Kidawida, ndio sisi Wataita, walikuwa na desturi ya kutasa. Mgonjwa asipopona, huulizwa ni nani wa karibu aliyemkasirikia moyoni. Yule mwenye hasira huchukua funda la maji au pombe ya miwa, halimezi, hulipuliza nje kama manyunyu, akitamka kwamba hasira itoke na heri ibaki. Ndipo mtu hupona. Mimi ni Mkristo na nimefundisha sayansi, kwa hiyo siamini. Lakini chumba kizima kiligeukia jikoni.

Kutoka jikoni Elsie akasema, "Mimi sina hasira. Nina kazi."

Festus akasema, "Basi, shemeji, toa hata hiyo ambayo huna."

"Mimi ni katibu wa akina mama kanisani, Festus. Unataka nimpulizie mtu maji kama bibi yako?"

"Bibi yangu aliponya watu."

Hapo Sista Kavinya akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hapa hapulizwi mtu. Mate hayatakaribia kidonda changu."

Nikamuuliza, "Kidonda ni chako au changu?"

"Mpaka kikauke, ni changu. Nyinyi Wataita mnatemeana mate, halafu mkishuka Voi mnasema Wakamba ndio wachawi."

Festus alicheka hadi akaangusha vifuniko. Elsie hakucheka. Jambo likaishia hapo, au nilidhani hivyo.

Asubuhi moja niliamka nikaikuta fremu yangu ya kutembelea, iliyolala kando ya kitanda, imelowa. Vishikio na miguu yake vilijaa matone madogo sana, kama umande. Lakini umande haulali ndani ya nyumba. Sista Kavinya aliapa hajaiosha. Jikoni Elsie alikuwa amenipa mgongo, kikombe kitupu mkononi, kidevu kinang'aa maji. Nikamuuliza kama kumenyesha. Akasema, "Uji."

Wiki hiyo kidonda kilikauka. Sista Kavinya anasema ni dawa mpya aliyoagizwa na daktari, nami sibishani na mtu mwenye sindano. Ninacholalamikia ni kwamba fremu ya chuma ikilowa hushika kutu, na mgonjwa anaweza kuteleza. Ningependa uzembe huu uchunguzwe, ila si sana.

Na hata baada ya hayo, nyumba bado haina wimbo. Nimegundua kwamba mtu anaweza kuondolewa hasira yote na bado akaachiwa kimya chake. Juu ya hilo wazee hawakuacha desturi yoyote.

6. Ninachoomba.

Nimefikiri kama mtu aliyesoma, na naona njia tatu tu.

Ya kwanza: mnirudishe katika hali mliyonikuta. Sista Kavinya nilipomwomba hivyo alisema atanirudisha kwa ng'ombe.

Ya pili: mnipe cheti, chenye muhuri, kwamba maneno yote niliyosema wodini yalisemwa na dawa ya usingizi, wala si mimi. Nilimwandalia Sista Kavinya maneno ya cheti hicho, akayasoma, akakataa kutia sahihi. Alisema dawa ya usingizi nilipewa kesho yake. Nilimweleza kwamba dawa kali huweza kufanya kazi hata kabla ya kunywewa. Akanipima homa.

Ya tatu: mumwondoe Sista Kavinya. Maana nimetambua kiini cha shida yangu ni yeye. Daktari aliniweka chuma tu. Chuma chenyewe hakitembei. Ni huyu aliyenisimamisha nilipotaka kulala, akanilisha nilipokataa, akaniburuta hadi kwa kila mtu niliyemkosea, akiita mazoezi. Angekuwa mvivu kidogo, kama wauguzi wengine ninaowasikia, ningekuwa nimelala chini ya mgomba wa babu yangu, Festus angekuwa bado anaamini kwamba nilikuwa nikimwachia ashinde, Kasisi angenizika kwa mahubiri marefu nisiyoyasikia, na Elsie angeniimbia kaburini. Angeniimbia, Bibi Msimamizi. Ni mtu wa wajibu.

Hii ndiyo hesabu mliyoiharibu. Nasubiri hatua yako ya haraka, ukikumbuka umri wangu.

Nisalimie wauguzi wote wa hapo ofisini, na yule kijana daktari mwenye mikono safi, na dereva aliyetuteremsha kwenye kona za mlima akiendesha kana kwamba amebeba mayai. Wasalimu jamaa zako, na wakwezo ukiwa nao. Wa hapa wote wazima, nami nikiwa mmoja wao kwa bahati mbaya.

Wako kwa heshima, na kwa kiungo kimoja cha chuma,

Zephaniah Mwazighe
Mwalimu Mkuu (Mstaafu)

N.B. Barua hii ilikaa mezani ikisubiri mtu wa kushuka Voi, na mambo yamebadilika. Jana tulikwenda hospitali kupigwa picha ya nyonga, na yule kijana daktari akagundua kwamba nyonga ya kushoto nayo imekwisha kulika, na itahitaji kubadilishwa kama ile ya kulia. Akarudia sentensi yake ileile, kwamba kwa umri wangu lolote linaweza kutokea. Nikafungua kinywa. Kabla sijasema neno, Elsie, ambaye alikuwa ameketi pembeni akishika fremu yangu, akaniwekea kiganja mdomoni mbele ya daktari na wanafunzi wake, akasema: "Safari hii wewe unyamaze, Baba Daisy. Jioni ya kuamkia upasuaji zamu ni yangu. Nina maneno yangu kuhusu wewe tangu ulipokuwa na suruali mbili, na nimeyapanga moja moja. Utayasikia yote, halafu ukitaka kufa utakufa, na ukitaka kupona utapona."

Sijasikia sentensi ndefu namna hiyo kutoka kwake tangu nivunjike. Njiani, tulipokuwa tunapanda na ukungu, nilisikia akipanga sauti kooni, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa siku nyingi. Sikuthubutu kugeuka.

Kwa hiyo, Bibi Msimamizi, futa yote hapo juu, kuanzia namba moja hadi namba sita. Naomba tarehe ya upasuaji wa pili iwe ya karibu kadiri mwezavyo, kwa kuwa nina hamu kubwa ya kusikia. Na mtume Sista Kavinya yuleyule, mtu mwingine sitampokea. Nikishayasikia ya mke wangu, nitahitaji mtu mwenye nguvu wa kuniinua.